Saa Nne na Dakika Kumi, Siku Nzima

Siku ya posho (Jumamosi), tarehe 2 Juni 1984

Heshima kubwa leo! Komite ya kanisa letu dogo la Kasha imenikabidhi saa ya mkononi. Si yangu. Ya kutunza tu, mpaka Pentekoste. Ni zawadi ya kwanza ya tombola, bahati nasibu ya tiketi, tunayofanya ili tupate mabati ya sakristia.

Zawadi ya pili ni mbuzi jike. Ya tatu mashuka mawili. Ya nne karai la kuogea. Niliuliza kama kweli mbuzi anapitwa na saa. Maman Apolline, prezida wetu, alijibu kwamba mbuzi kila mtu ameisha muona, lakini saa hii imetoka Bujumbura, imeletwa na mtoto wa dada yake. Rangi ya dhahabu. Uso mweusi, bila namba hata moja, na kijiwe kimoja juu kinachong'aa. Saa ya mode, ya fasheni. Si ya bei kubwa, mama mwenyewe alikubali. Lakini inapendeza!

Wamenichagua mimi kwa sababu ni sekretéri, na kabati langu lina ufunguo. Floribert, mkubwa wa kwaya, alitaka ikae kwake. Yeye ana saa tayari, nzito kama kufuli, na anatangaza saa hata kwa mtu ambaye hakumuuliza. Nilisema mtu mwenye saa yake asipewe nyingine, mkono utachanganyikiwa. Komite nzima ikacheka. Floribert hakucheka.

Niliapa mbele ya wote: haitatoka kabatini.

Baadaye. Nimeivaa kidogo. Kuangalia tu kama inatembea.

Inatembea.

Siku ya Mungu, tarehe 3 Juni

Aibu. Andika basi, Modeste. Andika.

Xavier, ambaye tunafanya naye kazi kwenye depo ya chumvi, alibatizisha mtoto wake. Sherehe ilikuwa kwake Nyalukemba. Nyalukemba! Huko hakuna mtu wa Kasha hata mmoja. Nilivaa abacost yangu ya kijivu, ile suti ya mikono mifupi. Nasisitiza: mifupi.

Watu waliangalia. Mzee mmoja aliuliza saa kama hii inatoka wapi. Mdomo wangu ukajibu: Brussels. Mwingine akauliza nilikaa Brussels muda gani. Mdomo ukajibu: si muda mrefu sana. Mimi nilikuwa nasikiliza tu, kama wengine.

Kisha wakaleta maji ya kunawa. Mtu mwenye akili anavua saa. Au ananawa vidole. Mimi nilizamisha mikono mpaka karibu na viwiko, kama daktari anayekwenda kupasua mtu, ili meza nzima ione vizuri. Waliona. Na mimi niliona: mvuke chini ya kioo. Halafu ule mshale mwembamba wa sekunde ukatikisika mara mbili na kusimama. Nilikula bugali bila kujua ladha yake.

Nyumbani niliiweka karibu na mbabula, jiko la makaa, ikauke. Nikaenda kuvua abacost. Dakika mbili tu! Kumbe kioo chenyewe ni plastiki. Kilikuwa kimevimba kama jicho la samaki, na mkanda unatoa moshi. Eulalie, mke wangu, aliuliza kutoka uani ni nini kinachoungua. Nilisema ni harufu ya jirani.

Siku ya kwanza, tarehe 4 Juni

Nilimwambia mkubwa wa depo kwamba tumbo linaniuma. Halikuwa uongo mtupu.

Nilishuka mpaka Nyawera kwa Papa Emile, fundi wa saa, yule mwenye meza ndogo na lensi ya kubana jichoni. Aliifungua. Akavua lensi. Aliniangalia kama daktari anayetaka kukuuliza kama umekuja na mtu wa familia. Mwishowe akasema:

"Papa, hii haiko saa, hii iko bijou, pambo tu. Ndani iko plastiki na betri, basi. Na plastiki imekufa. Mimi niko fundi, siko Yesu wa Lazaro."

Akauliza ni ya nani. Nikasema ya mke wangu. Akauliza ni mwanamke wa namna gani anayeoga na saa, halafu anaipika. Nikatikisa kichwa, kama mume aliyechoka na mambo ya nyumbani. Eulalie! Mwanamke ambaye hajamiliki saa tangu azaliwe! Nilijiona mdogo kuliko skrubu zilizokuwa mezani pake.

Nilimbembeleza angalau aipambe, hata kama haitembei. Alikata kioo kutoka saa nyingine iliyokufa, akasugua mkanda kwa kiwi, akapanga mishale kwenye saa nne na dakika kumi. Alisema hapo saa inaonekana kama inacheka. Alikataa malipo. Alisema kwa maiti halipishi.

Siku ya pili, tarehe 5 Juni

Nina akili! Kama haitengenezeki, inabadilishwa.

Baada ya kazi nilikimbia soko la Kadutu. Nilimkuta kijana mmoja ametandika shuka chini: miwani, vitana, saa. Na moja ilikuwa ndugu kabisa ya ile yangu! Uso mweusi, dhahabu pembeni. Kijiwe tu ndicho kilikosa, na kijiwe kinahamishika kwa gundi. Tulipatana: saa kwa viatu vyangu vya misa. Ilikuwa imefungwa ndani ya plastiki. Alinionya nisiifungue kabla ya siku yake, maana hewa inakula betri. Nilimshukuru kwa ushauri.

Nilifungua nyumbani. Mishale imechorwa. Ni ya kuchezea watoto.

Nilirudi Kadutu nikikimbia na sandali za plastiki. Pale penye shuka palikuwa na maman mmoja anauza vitunguu. Aliniambia yuko hapo tangu uhuru na hajaona kijana yeyote.

Sasa nina saa mbili, na hakuna saa. Eulalie aliuliza viatu viko wapi. Nilisema kwa fundi. Alisema ni vizuri, vilikuwa vinaomba soli tangu Pasaka. Anaamini haraka sana huyu mwanamke. Inachosha.

Siku ya tatu, tarehe 6 Juni

Floribert anataka saa ionyeshwe kwenye mazoezi ya kwaya, ati watu wanunue tiketi kwa bidii. Nilijibu kwamba Maman Apolline amekataza. Akaenda kumuuliza! Mtu gani anaenda kuuliza? Maman Apolline akajibu kwamba hajakataza kitu, na kwamba sasa na yeye anataka kuiona, kuangalia kama iko salama.

Nimefikiri sana. Kisha nimemtumia neno: aje siku ya tano asubuhi, saa nne na dakika kumi kamili, si kabla, si baada, kwa sababu nitatoka kazini kidogo tu.

Nimefurahi na mimi mwenyewe. Mara mbili kwa siku saa yangu inasema kweli. Kazi ni kuchagua tu.

Siku ya tano, tarehe 8 Juni

Bukavu nzima inachelewa. Padri anachelewa, mazishi yanachelewa. Maman Apolline hachelewi. Redio ya jirani ilikuwa imetaja saa nne, na baada ya nyimbo mbili fupi mama akabisha hodi. Nilifungua kabati kama tabernakulo. Alitazama saa, akasikiliza redio, akasema: "Iko juste kabisa!" Nusura nilie.

Lakini hakuondoka. Alikaa. Aliomba maji. Akasimulia ugonjwa wa goti lake tangu mwanzo, na dawa ya mwanamke mmoja wa Bunyakiri, na jinsi goti lilivyokataa dawa hiyo. Mimi nilikuwa nimeshika saa mkononi, sijui niiweke wapi. Akaiangalia tena. Saa nne na dakika kumi. Akakunja uso. Akasema ama ameongea haraka sana, ama hii saa iko na uvivu. Nilimwambia saa za mode zinatembea polepole mwanzoni mpaka zizoee nyumba.

Alinishika bega. Alisema amefurahi kwamba komite imeweka kitu mikononi mwa mtu mwaminifu.

Aliondoka. Nilikaa juu ya kitanda muda mrefu, saa imenielekea inacheka.

Siku ya posho, tarehe 9 Juni

Kesho! Mtu atashinda saa, ataivaa mbele ya watu wote, atagundua. Labda Floribert! Nilifyeka majani ya salongo, kazi ya lazima ya kila posho, leo asubuhi bila kujua nafyeka nini. Nimekata na maua ya masista.

Halafu nikaona njia. Ni rahisi. Ni safi, ukiitazama kwa mbali. Lazima nishinde mimi. Nikishinda mimi, saa inarudi kabatini kwangu, na hakuna atakayejua kitu mpaka siku ya hukumu. Simuibii mtu. Ninajipa saa iliyokufa. Hiyo ni karibu sadaka!

Sekretéri ndiye anaandika namba kwenye vikaratasi na kuvitia kikapuni. Tiketi ziko mia mbili, na mimi nina moja tu, namba 114. Niliandika 114 mara kumi. Nikaona kumi ni kidogo. Nikaandika thelathini. Nikakumbuka bahati yangu ilivyo. Nikaendelea mpaka zaidi ya nusu ya kikapu ikawa 114, na namba za watu wengine, kwa idadi ileile, nikazitia ndani ya mbabula. Nilianza na za Floribert, maana alinunua kwangu.

Eulalie alileta chai. Alisema anavyoniona nafanyia kanisa kazi namna hii, anajua mabati yatapatikana. Niliungua ulimi.

Siku ya Mungu, Pentekoste, tarehe 10 Juni

Sijui niandike vipi. Kwa taratibu.

Baada ya misa tulibaki wote uwanjani. Meza, kikapu, mbuzi amefungwa kwenye mguu wa meza. Maman Apolline alifungwa kitambaa machoni ili achague. Nilingoja zawadi ya kwanza iwe ya kwanza. Si ndiyo maana ya neno? Lakini Floribert akashika mikro na kusema tuanze na ya mwisho, karai, ili watu wasitawanyike. Watu wakapiga makofi.

Hilo sikuwa nimelifikiria. Katika mipango yangu yote, hilo sikulifikiria.

Karai: 114. Makofi! Nikasimama, nikainama kidogo.

Mashuka: 114. Padri alicheka, akasema leo Roho Mtakatifu ametua juu ya kichwa cha sekretéri. Baadhi walicheka naye. Nilisema labda vikaratasi havikuchanganywa vizuri. Floribert akavichanganya mwenyewe, mpaka kwenye kiwiko.

Mbuzi: 114.

Hakuna aliyepiga makofi. Mbuzi peke yake ndiye alilia. Nilikuwa nimeshika karai, mashuka juu yake, na mtu akanipa kamba ya mbuzi bila kuniangalia.

Ikabaki saa. Nikaomba. Sikujua niombe itoke 114 au isitoke. Nadhani niliomba yote mawili.

Maman Apolline akatoa kikaratasi, akavua kitambaa, akasoma: 27.

Kwenye benchi za mamans mtu akapiga kelele ya furaha. Eulalie! Eulalie wangu! Sikujua kama ana tiketi. Aliinunua kwa Maman Apolline, kwa maharagi aliyouza mwenyewe, bila kuniambia, ili nisiseme anapoteza. Alikuja mbele anacheka na kufunika mdomo. Akaivaa. Akanyoosha mkono, akaugeuza juani upande huu na upande ule. Miaka kumi na sita tumeoana, sijamuona vile.

Floribert hakuwa na ubaya, lazima niseme. Alimwekea mikro mdomoni tu na kuuliza: "Maman Eulalie, tuambie, sasa iko saa ngapi?"

Aliitazama kwa makini. Akasoma kwa sauti: "Saa ine na dakika kumi."

Ilikuwa imepita saa nane mchana. Uwanja mzima ukacheka. Walidhani hajui kusoma saa. Yeye akaitazama tena, akaigonga kidogo, akaiweka sikioni. Kisha akanusa mkanda. Akanitafuta kwa macho, mimi na karai langu na mbuzi wangu.

Padri alipindua kikapu mezani. 114. 114. 114. Maman Apolline alikaa chini.

Hapo ndipo nilisema ukweli. Nilipaza sauti: sikutaka mbuzi! Nilitaka saa tu, kwa sababu nimeiua! Ni ukweli wa kwanza niliosema wiki nzima, na hakuna aliyeuamini. Kijana mmoja wa kwaya aliuliza nani anaiba saa mbovu na kupata mbuzi kwa bahati mbaya. Maman Apolline alisema tu kwamba njia ya mwongo ni fupi, na kwamba yangu imeishia mbele ya kanisa.

Nilirejesha karai. Nilirejesha mashuka. Mbuzi alikataa kuachana nami, ikabidi wamvute.

Siku ya kwanza, tarehe 11 Juni

Si sekretéri tena. Tombola imerudiwa, na vikaratasi vimeandikwa na Floribert. Mshindi wa mbuzi ni mzee mmoja asiye na meno, ambaye tayari anao sita. Saa wamemwachia Eulalie. Tiketi yake ilikuwa safi, na hakuna mwingine aliyeitaka.

Eulalie alirudi jikoni kama kila siku. Alipika, akaniwekea chakula, akakaa upande wa pili. Nilimweleza yote, kuanzia abacost. Alisikiliza mpaka mwisho. Yeye ameniamini. Ni yeye peke yake, na ni vibaya kuliko wale wote ambao hawakuamini.

Tunaitana kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, Bulonza. Alisema:

"Papa Bulonza, watu walicheka mimi. Walisema sijue kusoma saa. Mimi nilisoma muzuri."

Nikasema ndiyo, ulisoma vizuri.

"Nilisoma muzuri kabisa," akasema, na kutoa sahani.

Siku ya posho, tarehe 16 Juni

Padri aliniita. Hakukasirika, bahati mbaya. Alinipa daftari. Humo ameandika mwenyewe majina ya wote walionunua tiketi, watu sitini na watatu. Niende nyumba kwa nyumba, niombe msamaha, na kila mmoja atie sahihi mbele ya jina lake kwamba amenisikia. Nimletee siku ya Mungu ya tarehe 24, kabla ya misa.

Nilitoka mwepesi. Nimeamua kuwa mtu mwingine! Kesho naanza.

Siku ya tano, tarehe 22 Juni

Nimeanza.

Wa kwanza alikuwa Mzee Philémon. Mzee Philémon hasikii. Niliomba msamaha kwa sauti ya kawaida, akauliza nini. Niliomba kwa nguvu, akauliza nani amekufa. Mara ya tatu nilipiga kelele, na njia nzima ikatoka kuangalia: NILIWADANGANYA! NISAMEHENI! Akasema hana haja ya dagaa leo. Alitia sahihi hata hivyo.

Wa pili, Maman Françoise. Alinisikiliza vizuri, akatia sahihi, akaniuliza kwa upole kama Eulalie anapata usingizi. Afadhali angenimwagia maji.

Wa tatu hakufungua. Niligonga polepole sana, hilo nakubali.

Siku ya posho, tarehe 23 Juni

Misa ni kesho asubuhi. Sahihi mbili. Zimebaki sitini na moja.

Nimekaa na daftari tangu mchana. Miguu haitaki. Nikifikiria mlango wa Floribert, nafunga tena daftari. Nimefikiri, nimefikiri, na sasa naona kitu ambacho sikukiona mwanzo: Padri anataka sahihi. Hakusema anakwenda kuwauliza watu mmoja mmoja. Mtu wa rika lake, na kazi zake zote, hawezi! Na watu wenyewe nitawapunguzia usumbufu. Msamaha nimekwisha uomba moyoni, kwa jumla.

Nina kalamu tatu, ya buluu, nyeusi na nyekundu. Hakuna atakayeona mkono mmoja. Nimeanza na Floribert. Imetoka vizuri kuliko yake mwenyewe, na mkia chini kama wa mtu anayejipenda. Wazee nimewawekea msalaba. Maman Apolline nimemtetemesha kidogo, kwa sababu ya goti.

Zote zimekwisha. Kasoro moja, mstari wa mwisho. Padri ameandika: Eulalie, namba 27.

Namsikia jikoni, anachambua maharagi. Ni hatua nne. Hana haraka, mlango uko wazi, na angetia sahihi, namjua, angefuta mikono kwenye kitenge na kutia sahihi bila kuniuliza kitu.

Nimesimama. Nimekaa.

Sahihi yake si ngumu. E kubwa, iliyoinama kidogo. Nimeijaribu mara tatu pembeni ya gazeti. Ya tatu inafanana.